Injini Nayo Ionje

Misigiri, Iramba
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Kaka Emilian,

Bwana Enock wa maabara ya oili kule Dar es Salaam alinipigia simu jana asubuhi, akasema injini ya Baba haijafa. Alisema sampuli ya tatu imetoka safi. Hakuna mafuta ya mbegu ndani yake, uzito wa oili umerudi mahali pake, na chembe za chuma kinacholika zimepungua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungepekua barua nzima ukilitafuta.

Sasa shikamoo, kaka. Habari za Nzega, na habari za duka? Wifi Flora alitueleza kwamba mguu wako umepona, nawe umeanza kutembea bila fimbo, tukafurahi. Wasalimie watoto, na huyo mdogo umwambie shangazi yake bado anaisubiri ile picha ya shule. Huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti linamsumbua akiamka, likipata jua linaachia. Mavuno ya alizeti yamekuwa mazuri. Magunia yamefika ukutani mwa banda, na wenye mali wanagombania zamu ya kukamua kama watu wa kisimani. Hivi ninavyoandika injini inanguruma, na anayeiendesha ni Peniel.

Ndiyo, Peniel. Uliagiza aondoke, nami sikumwondoa. Soma hadi mwisho kabla hujanuna.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Unasikia neno la kwanza, la pili unalijaza mwenyewe. Nimemwomba kondakta wa basi la Nzega akukabidhi mkononi, na amekubali kwa sharti kwamba nawe usimtume na jibu lenye matusi.

Nianze na mwezi wa saba, kila mmoja wetu asije akakumbuka lake. Ulifika siku ya Jumatano, ukamkuta Peniel na mwenzake wakizungusha hendeli kwa zamu, jasho linawatoka, injini haitaki kuwaka. Ulichomoa kijiti cha kupimia oili ukakishika juani. Oili haikudondoka. Ilining'inia kama uji wa mtama uliolala. Ulimuuliza Peniel hiki ni nini. Kisha ulimwambia mbele ya wateja kwamba ameuza oili nzuri akajaza makombo, na kwamba mtu anayekula kwenye nyumba ya marehemu hapaswi kuila nyumba yenyewe. Mama Sikudhani, mteja wetu wa siku zote, alikuwa amesimama palepale na gunia lake.

Kisha ukatoa amri mbili. Ya kwanza, oili iendelee kubadilishwa kila tarehe mosi kama alivyofanya Baba, kalenda ikigeuka na oili imwagwe. Ya pili uliitamka ukiwa umesimama kwenye kizingiti cha banda, na watu wote waliokuwepo waliisikia: kwamba yeyote aliyetia kitu kwenye injini hii hatakanyaga tena kiwanja hiki, awe nani awe nani. Ukaitisha kikao cha familia cha tarehe 30 Agosti ili kiithibitishe, na ukasema siku hiyo nikukabidhi ufunguo wa banda. Maneno hayo nimeyanukuu kama ulivyoyasema. Sijaongeza wala kupunguza.

Ulipoondoka nilikataza ile oili isimwagwe. Peniel alishangaa. Alidhani nataka kuihifadhi iwe ushahidi dhidi yake, na kwa siku kadhaa alinisalimia kwa mbali kama mtu anayemsalimia askari. Nilikuwa na sababu nyingine. Pale kambi ya watengeneza barabara yupo fundi wa magreda ambaye huja kununua mashudu ya kulishia nguruwe wake. Aliwahi kuniambia kwamba wao hawamwagi oili kwa kuitazama rangi. Huchota kidogo, huituma maabara, na maabara huwajibu ni chuma gani kinalika ndani na ni uchafu gani umeingia. Nilimwomba namba, akanipa ya Bwana Enock.

Sampuli ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliichota injini ikiwa imelala tangu jana yake, kwa chini kabisa, nikaitia kwenye chupa niliyoiokota jikoni na kuiosha kwa sabuni. Bwana Enock alipiga simu akiwa hana raha. Aliuliza kama injini yetu inatumia mafuta ya mbegu badala ya dizeli, kwa sababu oili yetu imejaa mafuta ya mbegu. Kabla sijashtuka nilijiuliza kuhusu chupa. Kaka, unalijua boma letu. Hakuna chupa humu ambayo haijawahi kubeba alizeti. Hata ile ya maji ya baraka ya Mama ilikuwa ya alizeti. Nilimwambia Bwana Enock jibu hilo asilihesabu.

Nikaenda zahanati. Nesi Yunisi alinipa vichupa vipya vya kupimia mkojo, vimefungwa kwenye nailoni, akaniuliza nani anaumwa. Nilipomjibu kwamba ni injini aliniangalia usoni kutafuta dalili ya homa. Peniel aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu uje. Alisema ana miaka arobaini na moja hajawahi kupimwa chochote, na leo injini imemtangulia.

Safari hii nilifuata maelekezo. Tuliiendesha injini hadi ikapata moto, tukaizima, tukachota mara moja kwa mpira mpya kutoka katikati ya oili, si kwenye matope ya chini. Niliandika juu ya kichupa oili ina saa ngapi za kazi. Mita ile ya saa niliyoifunga mwaka jana, ambayo uliicheka ukaiita saa ya mkononi ya injini, ilisoma saa mia mbili tangu oili ibadilishwe.

Jibu la pili lilirudi vilevile. Mafuta ya mbegu yalikuwemo, tena mengi, si mabaki ya kwenye chupa tu. Uzito wa oili, ambao kwa daraja la oili yetu unapaswa kucheza kwenye kumi na nne, ulikuwa ishirini na mbili. Bwana Enock alinieleza kwa lugha ya jikoni. Alisema mafuta ya kula yakipikwa ndani ya oili ya injini yanageuka gundi, kama sufuria la kukaangia lililoachwa bila kuoshwa. Kwa hiyo makombo ya Peniel hayakuwepo. Oili ilikuwa nzuri, ya kopo lilelile tulilonunua, ila ilikuwa imechanganywa na kitu.

Vilikuwemo vingine viwili. Chuma kilikuwa tisini na sita kwa kipimo chao, na mchanga arobaini na moja. Hapo nitakuandikia na lile linalomuumiza Peniel, usije ukasema nimemficha. Mchanga huo ni vumbi lililopita kwenye filta ya hewa. Peniel amekuwa akiipigapiga filta kwenye tairi kila asubuhi ili itoke makapi, na karatasi yake ilikuwa imechanika kwenye mkunjo. Nilimwonyesha tundu kwa kuishika filta juani. Alikubali papo hapo, wala hakujitetea. Kosa hilo ni lake, na ni langu pia maana nilimwona akiipiga nikadhani ni usafi. Tumeweka mpya, na tairi nimeliondoa.

Nilikupigia nikakueleza yote haya. Ulisikia mafuta ya alizeti, basi. Ukasema si ndiyo hayo, anauza oili na kujazia alizeti, nani mwingine anashika kopo. Nilitaka kukuuliza ni mwizi gani anayeiba lita moja ya oili na kurudishia alizeti mbele ya wenye alizeti yao, lakini ulishakata. Nakiri kwamba ushahidi wakati huo ulikuwa upande wako. Oili ilikuwa na alizeti, na anayeshika kopo ni mmoja. Angekuwepo mtu mwingine kwenye nafasi yangu angemwambia Peniel afunge virago. Hata mimi usiku huo niliwaza hivyo, na asubuhi nikamwuliza waziwazi. Alinijibu kwamba hakutia. Nikamwuliza anamjua aliyetia. Alijifuta mikono kwa muda mrefu, kisha akasema mkanda unahitaji kukazwa, akaenda kukaza mkanda.

Nitafika huko. Kwanza tumalize la tarehe mosi, kwa sababu hilo nalo nimeshalivunja.

Kaka, Baba hakuwa na mita wala maabara. Alijiwekea kanuni ambayo angeweza kuikumbuka, akaishika, na kwa hilo namheshimu. Ila kalenda haijui injini imefanya kazi kiasi gani. Mwezi wa pili mwaka huu injini iliwaka siku chache tu, tena kwa nusu siku, na tulimwaga oili ambayo ilikuwa haijafanya kazi yoyote. Mwezi wa saba inanguruma tangu kuche hadi jua lizame, kwenye vumbi hili, na mwezi mmoja unapita saa mia tatu. Kwa hiyo kanuni ya Baba inamwaga mapema wakati wa mapumziko na inachelewa wakati wa kazi. Wala weusi si hoja. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku ya pili. Bwana Enock alisema weusi huo ni masizi ambayo oili imeyashika yasikwangue chuma, na oili inayobaki nyeupe ndiyo ya kutilia shaka.

Tulimwaga ile yenye gundi, tukasafisha, tukaweka mpya. Kwa msimu tutabadilisha kila saa mia moja na hamsini, na kila tunapobadilisha tunatuma sampuli. Nilimwuliza Bwana Enock kama tungeweza kwenda mia mbili. Alikataa. Alisema jibu moja zuri halimpi mtu ruhusa ya kurefusha, alete majibu matatu mfululizo yanayokubaliana ndipo wazungumze. Alinifundisha pia nisilinganishe namba zikiwa uchi. Chuma tisini na sita kilikuwa cha saa mia mbili. Sampuli ya tatu ina chuma ishirini na moja kwa saa themanini. Ukigawanya kwa saa utaona ulaji umepungua karibu nusu, haujaisha. Injini ya miaka ishirini na tano italika tu. Mchanga umeshuka hadi tisa. Uzito ni kumi na nne na kidogo. Hiyo si injini ya kuuza kwa wanunua vyuma chakavu, kama ulivyosema mwezi wa tano tulipomkumbuka Baba.

Tarehe mosi Septemba, kwa hiyo, sitamwaga oili. Ukija siku hiyo utanikuta nimekaa.

Sasa lile la alizeti.

Unakumbuka desturi ya Baba siku ya kwanza ya kukamua. Kikombe cha kwanza kikitoka, Mama alionja, Baba alionja, sisi tulilambishwa kidole, na yanayobaki Baba aliyachukua kwa kitambaa akaipaka injini mgongoni huku akisema nayo ionje. Wewe ndiye uliyekuwa unashika kitambaa. Baba alipofariki Mama aliendelea na desturi hiyo, na hakuna aliyemfuatilia, maana nani amfuatilie mama yake akiwa na kikombe chake?

Mwezi wa saba ukiwa unaisha tulikuwa tunakula, Mama na mimi. Nilimweleza majibu ya maabara, na kwamba kikaoni Peniel atafukuzwa kwa sababu ya alizeti iliyokutwa ndani. Mama aliacha kula. Alisema kwa Kinyiramba, nami nakuandikia kwa Kiswahili, kwamba hiyo alizeti ni yake.

Alinieleza bila kushusha macho. Tangu Baba aondoke, siku ya kwanza ya kukamua, haipaki tena injini mgongoni. Anafungua kifuniko cha oili na kuimiminia ndani. Alisema Baba alikuwa mtu mwema lakini kwa hilo alikuwa anaidanganya injini, kwani nani anaonja kwa mgongo? Kikombe kimoja kwa mwaka hakikuonekana, tarehe mosi ikifika kilimwagwa pamoja na oili. Ila mwaka huu alikusikia mwezi wa tano. Ulikuwa umekaa pale barazani ukasema injini imezeeka, haina nguvu, iuzwe. Mama akaona kwamba inahitaji chakula zaidi. Kuanzia siku tulipoanza kukamua, kila Jumapili akitoka kanisani, banda likiwa limefungwa na sisi wote tukiwa tunapumzika, alichukua kikombe chake cha bati, akaingia, akailisha. Kila ilipozidi kuwa nzito kuwaka, alijaza kikombe hadi ukingoni.

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku ile ulipomgombeza Peniel. Alisema alikuwa shambani kwa dada yake, hakusikia, na aliporudi aliambiwa tu kwamba Peniel ameiba oili. Yeye hakuiba oili, aliongeza mafuta. Hakuona kama mambo hayo mawili yana undugu.

Asubuhi yake nilimrudia Peniel. Safari hii hakwenda kukaza mkanda. Alisema alimwona Mama Jumapili moja aliporudi kuchukua koti lake, akiwa na kikombe, akiisemesha injini. Alijua tangu siku ulipomwita mwizi. Niliuliza kwa nini alinyamaza hadi kufikia kupoteza kazi. Alinijibu, na hili nalinukuu kama alivyolisema, kwamba mwanawe wa kwanza alipougua Mama ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitalini Kiomboi, kwa hiyo asingeweza kusimama kikaoni na kumwambia Emilian kwamba mwizi unayemtafuta ndiye aliyekuzaa. Akasema pia kwamba wewe usingemwamini.

Sikukupigia simu siku hiyo, kwa makusudi. Ungesema Mama anamkingia Peniel, au mimi nimemfundisha la kusema. Nilitaka injini yenyewe ijibu. Nilimwomba Mama aache kikombe, sikubadilisha mtu, Peniel akaendelea kushika kopo lilelile, nikasubiri. Kama Peniel ndiye aliyekuwa akitia alizeti, ingeonekana tena. Jana Bwana Enock amesema haipo.

Mama hakuacha kirahisi. Aliniuliza kama maabara imewahi kufiwa. Mwisho tumekubaliana kwamba atarudia kitambaa cha Baba, mgongoni tu, na atapaka yeye mwenyewe, kwa sababu Peniel akipewa kitambaa ataipaka kama anayemwogesha mbuzi.

Basi, kaka, tumefika kwenye kizingiti cha banda, pale uliposimama. Ulisema aliyetia kitu kwenye injini hatakanyaga tena kiwanja hiki, awe nani awe nani. Wateja walisikia, Peniel alisikia, nami nilisikia. Aliyetia amepatikana. Amekaa jikoni anachambua mlenda, na amesema atavaa kitenge ulichomletea Krismasi ili umwone vizuri. Njoo umwambie. Kama huwezi kumwambia, basi umwombe radhi Peniel, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Sitakusemea wala sitakupunguzia. Na ukija na njia ya tatu, ya kunyamaza na kubadilisha mazungumzo, nitaisoma barua hii kikaoni. Nakala yake ninayo.

Sikuandika haya kwa kukuchukia. Wewe ni kaka yangu mkubwa, na kiti cha Baba ni chako, hakuna anayekigombea. Ila injini naisimamia mimi, na kwa watu wanaoifanyia kazi nawajibika mimi.

Mama anakusalimu, anasema umletee dawa ile ya kuchua goti, kopo la kijani. Peniel anakusalimu pia. Nilimwuliza kama niandike hivyo, akafikiri, akasema andika. Wasalimie wifi na watoto wote, na majirani wa Nzega wanaotufahamu.

Sampuli ya nne tutaichota Ijumaa tarehe 29, injini ikiwa ya moto, na itapanda basi la mchana. Kikao ni kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, bandani na si sebuleni, kwa kuwa maneno yalisemwa bandani. Mama Sikudhani na wateja wengine waliokuwepo siku ile nimeshawaalika. Ule ufunguo uliouagiza sinao tena. Nimemkabidhi Mama, utamwomba mwenyewe.

Ndugu yako,
Selina